MASWALI YA WASOMAJI: Siku ya Ushindi ya Warusi na wazee wao wa vita

Toleo lililopita tulichapa makala kuhusu vijana wa Kanda ya Ziwa wanaosoma Urusi, ikiwa na picha ya mwanafunzi akimkabidhi maua bibi mmoja mwenye nishani kifuani. Barua nyingi zilizofika hapa Mwanza hazikuuliza habari za vyuo. Zimeuliza habari za yule bibi na za siku ile. Tunazijibu hapa chini.

Binti yangu anasoma udaktari Volgograd. Tarehe 9 Mei kundi lao limealikwa nyumbani kwa bibi aliyepigana vita. Anataka kujua aende na nini na asifanye nini. Mimi mama yake sina la kumwambia. — Mzazi, Nyegezi

Mama, mwambie aanze na maua, maana hapo ndipo wageni wengi wanapoharibu. Kwa Warusi, mtu aliye hai hupewa maua ya idadi isiyogawanyika kwa mbili: matatu, matano au saba. Kaburini na kwenye mnara huwekwa mawili, manne au sita. Mgeni hununua kumi kwa kuwa kumi linaonekana fungu la ukarimu, kumbe amemletea bibi wa watu maua ya marehemu. Ahesabu mashina, asihesabu vichwa, kwa sababu shina moja linaweza kubeba maua mawili. Ua la siku hiyo ni karnesheni nyekundu, na tulipu pia hupokelewa vizuri.

Viatu vinavuliwa mlangoni na mgeni hupewa ndara za ndani. Asimpe mtu mkono akiwa bado amesimama nje ya kizingiti, aingie kwanza. Jina la bibi halitajwi peke yake: huitwa kwa jina lake pamoja na la baba yake, kwa mfano Maria Ivanovna, yaani Maria wa Ivan. Ukilitaja jina tupu ni kama kumwita mama wa rika la bibi yako bila kumtangulizia "Bibi". Binti aulize mapema jina la baba, alifanyie mazoezi. Salamu ya siku ni "S dnyom pabyedi", heri ya Siku ya Ushindi.

Akumbuke pia umri. Kundi la mwisho kuitwa jeshini wakati wa vita vile lilikuwa la waliozaliwa 1927, kwa hiyo mwaka 2025 hata mdogo wao alitimiza miaka 98. Waende watatu au wanne, wasijae chumba. Waende kabla ya mchana, baada ya kupatana na ndugu au mtu wa ustawi wa jamii anayemhudumia. Waketi upande wa sikio linalosikia. Nusu saa inatosha, labda mwenyewe awazuie wasiondoke.

Swali lisiloulizwa ni "uliua wangapi?" Yanayofungua mazungumzo ni madogo: ulihudumu kikosi gani, rafiki yako wa karibu kikosini alikuwa nani, mlikula nini. Wanawake takriban 800,000 walihudumu katika jeshi la Kisovieti, na wengi walikuwa wauguzi, watu wa simu na redio, wapiga mizinga ya kuzuia ndege, walenga shabaha na marubani. Asidhani kwamba kila bibi alikuwa jikoni.

Nishani nazo zina lugha yake. Upande wa kulia wa kifua huvaliwa nishani za Nyota Nyekundu na za Vita vya Kizalendo. Nyingi zilizobaki hukaa kushoto. Wingi wake usimdanganye. Tangu 1965 kila maadhimisho makubwa yametoa medali yake, na mzee amezipokea zote kwa kuwa tu yu hai. Atazame kama kuna kiduara cha rangi ya fedha chenye ndege tatu juu na kifaru chini. Hiyo ni medali ya Ushujaa, iliyoanzishwa 1938. Askari wa kawaida waliithamini sana kwa sababu ilitolewa kwa tendo la mtu mwenyewe vitani. Akiiona, aulize aliipata wapi, kisha anyamaze asikilize.

Mezani kutakuwa na glasi. Glasi ya tatu ni ya waliokufa: watu husimama, hawasemi, wala hawagongeshi glasi. Binti asiyekunywa ainue juisi, hakuna atakayemlaumu. Akiona mbele ya picha ya zamani kuna glasi iliyofunikwa kipande cha mkate mweusi, asiiguse, ni ya marehemu.

Kwa kuwa yuko Volgograd, ambayo wakati wa vita iliitwa Stalingrad, apande pia kilima cha Mamayev Kurgan. Ngazi zake ni 200, moja kwa kila siku ya mapigano yaliyomalizika tarehe 2 Februari 1943. Juu kuna sanamu ya mwanamke mwenye upanga yenye kimo cha mita 85, iliyozinduliwa 1967. Huko juu maua ni ya idadi ya marehemu.

Kitabu chetu kinasema Ujerumani ilisalimu amri tarehe 8 Mei 1945. Kwa nini Warusi wanasherehekea tarehe 9? — Mwanafunzi wa kidato cha nne, Sengerema

Hati ya mwisho ilitiwa saini Berlin, kitongoji cha Karlshorst, usiku wa tarehe 8. Kwa saa za Moscow siku ilikuwa imeshageuka, ni tarehe 9. Zaidi ya hayo, kwao vita vilianza tarehe 22 Juni 1941, siku Ujerumani ilipowavamia, ndiyo maana wanaviita Vita Vikuu vya Kizalendo. Watu wa Muungano wa Kisovieti waliokufa wanakadiriwa kuwa milioni 26.6, wakiwamo wanajeshi takriban milioni 8.7. Hao hawakuwa Warusi peke yao. Waukraine, Wabelarusi, Wakazaki, Wageorgia, Wauzbeki na wengine wengi walipigana na kufa katika jeshi hilo hilo, na mtahini anaweza kukuuliza.

Ukitaka kufuatilia kwenye televisheni, Moscow na Mwanza zina saa moja. Gwaride la Uwanja Mwekundu huanza saa nne kamili asubuhi. Karibu saa moja jioni vituo huweka dakika ya ukimya, desturi iliyoanza 1965. Saa nne usiku hupigwa mizinga na fataki, miruko 30, kama ilivyopigwa usiku wa tarehe 9 Mei 1945 kwa mizinga 1,000.

Nimesikia kwamba wakati wa vita Warusi waliendesha malori juu ya ziwa. Sisi wa majini tunajua ziwa lisivyo na mzaha. Ni kweli? Na wanalikumbukaje? — Nahodha, Ukerewe

Ni kweli, nahodha, na ni habari inayostahili kusimuliwa polepole.

Mji wa Leningrad, leo Saint Petersburg, ulizingirwa siku 872, kuanzia tarehe 8 Septemba 1941 hadi 27 Januari 1944. Njia iliyobaki ilikuwa Ziwa Ladoga, lenye kilometa za mraba zipatazo 17,700, dogo kwa Nyanza lakini ndilo kubwa kuliko yote Ulaya. Novemba maji yalipoganda, wahandisi walianza kupima unene wa barafu. Sentimita 10 zinambeba farasi asiye na mzigo. Lori lenye tani moja linataka 20. Tarehe 22 Novemba msafara wa malori 60 ulivuka kwenda ng'ambo, na kesho yake ukarudi na tani 33 za unga. Yalikuwa malori madogo yaliyoundwa kubeba tani moja na nusu, lakini siku za mwanzo yalipakiwa magunia machache tu, na mengine yalikokota sleji nyuma ili uzito usilale mahali pamoja. Madereva waliendesha milango ikiwa wazi wapate kuruka.

Kilichowashangaza ni kwamba malori mengine yalizama pale pale ambapo mengine mazito zaidi yamepita salama. Mwanafizikia Naum Reinov alitengeneza kifaa cha kurekodi jinsi barafu inavyopinda, na jibu likapatikana majini. Lori likipita, barafu hubonyea na maji ya chini hufanya wimbi. Mwendo wa lori ukikaribia kilometa 35 kwa saa, hulingana na mwendo wa wimbi lile. Wimbi linakua, barafu inapasuka hata kama mzigo ni halali. Kwa hiyo waliwekewa mwendo maalumu na nafasi kati ya lori na lori, na kuongozana kwa kubanana kukakatazwa. Palipopasuka palitandikwa madaraja ya mbao. Waongoza njia, wengi wao wanawake, walisimama juu ya barafu na taa usiku kucha. Mpaka njia inafungwa Aprili 1942 zilikuwa zimepita tani zaidi ya 360,000 za mizigo, na watu zaidi ya nusu milioni walikuwa wametolewa mjini.

Kabla mizigo haijatosha, kati ya tarehe 20 Novemba na 25 Desemba 1941, mgawo wa mkate kwa mtoto, mzee au karani ulikuwa gramu 125 kwa siku, yaani nusu ya ile robo kilo ya dukani. Mkate wenyewe ulichanganywa na selulosi ya mbao na mashudu ya pamba, haya haya tunayowapa ng'ombe huku Usukumani. Mashudu hayo yalihofiwa kuwa na sumu, ila joto la tanuri liliivunja.

Kumbukumbu yake ina mambo ya kushika mkononi. Kila tarehe 27 Januari vijana husimama mitaani wakigawa karatasi inayofanana na kadi ya mgawo na kipande cha mkate cha gramu 125. Redio na vipaza sauti hupiga mlio wa metronomu, kifaa cha kupimia mwendo wa muziki, tak, tak, tak, kwa sababu wakati wa kuzingirwa redio ya mji ilitoa mlio huo: polepole maana yake shwari, haraka maana yake ndege zinakuja. Watu huenda makaburi ya Piskaryovskoye, walikozikwa raia takriban 420,000 na askari 70,000, wengi katika makaburi ya pamoja yenye mwaka tu. Huko huachwa karnesheni, na wengine huacha peremende na kipande cha mkate. Ufukweni Ladoga, malori yaliposhukia ziwani, kuna tao mbili za zege zisizokutana, mnara uliojengwa 1966 unaoitwa Pete Iliyovunjika. Nafasi kati ya tao mbili hizo ndiyo njia ya ziwani.

Chama cha wazee waliosoma Urusi zamani wameniagiza niwashonee tepe za rangi ya chungwa na nyeusi. Vipimo ni vipi, na zinavaliwaje? — Fundi cherehani, Makoroboi

Utepe wa Mtakatifu Georgi una mistari mitano iliyolingana, mitatu myeusi na miwili ya chungwa, na ukingoni kila upande kuna uzi mwembamba wa chungwa. Ule wa nishani ya Utukufu ya mwaka 1943 una upana wa milimita 24 na kingo za milimita moja. Usitumie njano ya bendera wala nyekundu, chungwa lenyewe liwe limekolea. Choma ncha kwa moto zisichanike.

Kampeni ya kuugawa kwa raia ilianza 2005. Huvaliwa kifuani kushoto, kwa pini, ukiwa umekunjwa kitanzi. Kuufunga kwenye begi, nywele, kamba za viatu au antena ya gari huhesabiwa kuukosea heshima, na tangu mwishoni mwa 2022 sheria ya Urusi inaulinda kama alama ya utukufu wa kijeshi.

Wazee wako waelewe jambo moja zaidi. Tangu 2014, na hasa tangu Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, utepe huu umekuwa alama ya kuunga mkono vita hivyo. Ukraine iliupiga marufuku 2017. Latvia, Lithuania na Moldova nazo zimeupiga marufuku. Mtu anayesafiri Ulaya auache nyumbani. Kwa maoni yetu kumheshimu mzee aliyepigana na Wanazi hakuhitaji utepe, karnesheni tatu zinatosha.

Mimi ni askari mstaafu. Serikali yao inawapa nini wazee hawa zaidi ya gwaride? — Kirumba

Afande, msingi ni Sheria ya Wakongwe wa Januari 1995. Inawagawa kwa makundi: waliopigana, waliofanya kazi viwandani na mashambani wakati wa vita, wakazi wa Leningrad iliyozingirwa, na wengineo. Kila kundi lina haki zake za pensheni, matibabu, nafuu ya kodi ya nyumba na usafiri. Tangu 2019 waliopigana hupata rubo 10,000 kila Mei. Mwaka wa 75 wa ushindi, 2020, walipewa rubo 75,000, na waliofanya kazi viwandani na mashambani 50,000. Mwaka 2025 ikawa 80,000 na 55,000.

Nyumba ndiyo iliyoleta manung'uniko. Amri ya Mei 2008 iliahidi makazi kwa kipimo cha mita za mraba 36 kwa mtu, lakini mwanzoni iliwahusu tu waliokuwa wameandikishwa kwenye foleni kabla ya tarehe 1 Machi 2005. Mzee aliyekuwa hajajiandikisha, pengine kwa kuona haya kuomba, aliachwa nje mpaka kigezo hicho kilipoondolewa. Kwa mtu wa miaka 85, miaka miwili ya kusubiri karatasi ni mingi mno.

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipozuia mikusanyiko, bendi za jeshi zilianza kwenda kupiga muziki chini ya dirisha la mkongwe mmoja mmoja, wanajeshi wakapita hapo kwa mwendo wa gwaride. Desturi hiyo imeendelea, nasi tunaiona bora kuliko vifaru vyote vya Uwanja Mwekundu, kwa sababu mhusika anakaa kitini kwake na hasubiri juani.

Shule yetu inataka tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, wanafunzi waandamane na picha za babu zao waliopigana Vita vya Kagera, kama Warusi wanavyofanya. Tuanzie wapi? — Mwalimu, Magu

Mwalimu, maandamano hayo huitwa Kikosi Kisichokufa. Yalianzishwa na waandishi wa habari watatu mjini Tomsk mwaka 2012, na sharti lao lilikuwa kwamba yasiwe ya chama, ya kampuni wala ya serikali: mtu na picha ya mtu wake, basi. Baadaye serikali iliyachukua, na 2023 maandamano ya barabarani yalifutwa kwa sababu ya usalama, watu wakaambiwa waweke picha kwenye nguo, kwenye magari na mtandaoni. Lile sharti la mwanzo ndilo la kuiga.

Mpeni kila mtoto miezi miwili. Mwezi wa kwanza ni wa kuuliza nyumbani: jina kamili, mwaka wa kuzaliwa, kikosi, cheo, alikopigana, alirudi au hakurudi. Msikubali picha iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye picha iliyotundikwa ukutani. Kioo hung'aa na uso hufifia. Itolewe kwenye fremu na iskaniwe stationery, kisha ichapwe kwa ukubwa wa A4 au A3. Jina liandikwe chini kwa herufi zinazosomeka hatua kumi, na mzazi alihakiki kabla ya kuchapwa. Jina la marehemu likikosewa mbele ya familia, shughuli yote imeharibika.

Ilamineti hasa, kwani Julai ni kiangazi lakini vumbi lipo. Bandika kwenye ubao mwepesi wa plastiki, mpini uwe wa mbao laini wa mita moja hivi. Ubao wa plywood nzito huchosha mikono ya mtoto kabla hajafika uwanjani, na upepo wa ziwani huugeuza tanga. Asiye na picha abebe jina tupu kwenye karatasi nyeupe. Urusi nako wapo wengi wa hivyo, nao hutembea mstari mmoja na wengine.

Wastaafu wa Kagera walio hai wapewe viti, kivuli na maji, na watoto wapite mbele yao. Kuwatembeza wazee jua la saa sita ili picha ipendeze ni makosa. Mkiwa na nauli, makaburi ya mashujaa ya Kaboya, Muleba, yanafikika kwa safari ya siku moja au mbili.

Babu yangu alikuwa keya, askari wa King's African Rifles, akaenda Burma, hakurudi. Nasikia Warusi bado wanachimba na kutambua askari wao. Wanafanyaje, na mimi naweza kufanya nini? — Mjukuu, Misungwi

Hii ndiyo kazi tunayoiheshimu kuliko zote, mjukuu wetu. Kila majira ya kuchipua hadi vuli vikundi vya kujitolea huenda kwenye misitu na mabwawa ya maeneo ya vita. Huanza na kumbukumbu za vikosi, wapate kujua nani alikuwa wapi, ndipo huingia na kifaa cha kutafutia chuma na fimbo ndefu ya kuchomea udongo. Mifupa hufukuliwa kwa mkono na brashi. Wanachotafuta hasa ni kichupa cha eboniti, yaani mpira mgumu, kirefu kama kidole, chenye kifuniko cha kuzungusha, ndani yake kukiwa na karatasi yenye jina, mwaka wa kuzaliwa na anwani ya familia.

Mara nyingi hakisemi kitu. Kifuniko kilipitisha maji karatasi ikaoza. Au askari hakuijaza, maana wengi waliamini kuijaza ni kujiitia kifo. Au alitia sindano na uzi humo. Novemba 1942 vichupa vikaondolewa, wakabaki na kitabu cha karatasi tu, kwa hiyo waliokufa baadaye ni wagumu zaidi kutambuliwa. Kichupa hakifunguliwi porini. Hupelekwa kwa wataalamu kikiwa na unyevu wake, kwa sababu karatasi ikikauka hupukutika. Jina likipatikana hulinganishwa na hifadhi ya kumbukumbu za waliokufa vitani iitwayo Memorial, iliyo wazi mtandaoni tangu 2007, kisha ndugu hutafutwa na maziko hufanywa kwa heshima za kijeshi. Asiye na jina huzikwa vilevile. Wa kwanza kati yao kwa heshima yuko ukutani mwa Kremlin tangu Desemba 1966, moto wake uliwashwa tarehe 8 Mei 1967 na maandishi yanasema: "Jina lako halijulikani, ushujaa wako haufi." Familia za Mwanza zilizosimama Igoma kwenye makaburi ya MV Bukoba zinaelewa maana ya kaburi lisilo na jina.

Kwa upande wako, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, ina orodha ya bure mtandaoni. Tafuta kwa nchi Myanmar na kikosi King's African Rifles. Wasio na kaburi linalojulikana wapo kwenye Mnara wa Rangoon ndani ya makaburi ya Taukkyan, wenye majina takriban 27,000. Usitegemee tahajia ya nyumbani. Karani wa Kiingereza hakujua kuandika Ng'w, kwa hiyo Ng'wandu anaweza kuwa Ngwandu, Mwandu au hata Wandu, na jina la baba linaweza kuwa limetangulia. Jaribu zote, moja moja. Uliza kwenye ukoo kama kuna barua, medali au karatasi yoyote yenye namba ya askari, kwa maana namba haina tahajia. Ukimkosa kabisa, waandikie tume hiyo na uwape ulichonacho. Taarifa yao wenyewe ya mwaka 2021 ilikiri kwamba Waafrika wengi waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza hawakuwahi kuandikwa kwa majina, na wanapokea madai mapya. Andika jina lake, la baba yake, kijiji na mtemi wa wakati ule, mwaka alioondoka na jina la mwenzake yeyote aliyerudi, kisha ubaki na nakala.